Zungumza na dereva wako kuhusu safari moja

Swali: Mimi ni msimamizi wa usafirishaji, nina miaka 31. Tuna malori 14, Fuso na Canter, yadi iko Vingunguti, Dar es Salaam. Tunasambaza bidhaa hapa mjini, na mara mojamoja tunapeleka mzigo Morogoro na Dodoma. Madereva watatu wananinyima usingizi. Wa kwanza amegonga mara tatu tangu Machi. Wa pili, GPS inaonyesha anabana breki za ghafla na anazidisha mwendo. Wa tatu, mafuta yake hayaeleweki. Bosi ameniambia niwaite mmoja mmoja nikae nao, wabadilike au waondoke. Nilianza na wa kwanza, mzee wa rika la baba yangu. Nikaongea naye kama nusu saa, akasema "Sawa bosi, nimekuelewa." Wiki iliyofuata akagonga geti letu wenyewe. Nikae nao vipi?

Jibu: Hilo "sawa bosi, nimekuelewa" nalifahamu. Nimesimamia madereva miaka mingi, wa malori na wa mabasi ya wafanyakazi, na kila nikilisikia najua mazungumzo yameshaharibika. Dereva hulisema anapotaka kutoka chumbani. Kwake yeye, kuitwa ofisini maana yake ni barua, kukatwa mshahara au kufukuzwa. Anaingia akiwa ameshajiandaa kwa mojawapo ya hayo, anasikiliza mpaka uchoke, anakubali kila kitu, anaondoka. Katika nusu saa hiyo aliyekuwa akiongea ni wewe, na ulichokihitaji kukijua alikuwa nacho yeye.

Ushauri wangu ni mmoja, mengine yote yanatokana nao: usizungumze na dereva kuhusu tabia yake, zungumza naye kuhusu safari moja. Safari yenye tarehe, yenye mzigo, yenye barabara na saa. Ukimwambia mtu "wewe siku hizi umekuwa mzembe" umempa cha kubishia au cha kunyamazia. Ukimwambia "mzee, nisimulie Alhamisi ile ulivyotoka Kariakoo mpaka ukafika hapa getini", umempa cha kusimulia. Na dereva aliyekaa barabarani miaka ishirini anajua kusimulia.

Kabla ya kumwita yeyote, watenganishe hao watatu, maana bosi wako amewafunga kwenye furushi moja na hawafanani. Huyo wa mafuta muweke pembeni kwanza. Kama unamshuku ananyonya mafuta, hilo ni suala la nidhamu, lina uchunguzi wake na utaratibu wake. Ukiliingiza kwenye mazungumzo ya kumsaidia mtu aboreke, habari itafika yadi nzima kabla ya saa sita mchana, na dereva atakayefuata hatakwambia hata jina la barabara aliyopita. Lakini usimshuku bila kupima. Jaza tenki mpaka juu mbele yake, andika kilomita, mwache afanye kazi wiki nzima, kisha jaza tena na ugawanye kilomita kwa lita ulizojaza. Fuso inayoshinda kwenye foleni ya Buguruni injini ikiunguruma haiwezi kulingana na ile inayokwenda Morogoro barabara ikiwa nyeupe. Nimeona mtu akivuliwa funguo kwa tuhuma ya wizi, na miezi miwili baadaye fundi akakuta bomba la mafuta linavuja juu ya tenki, mahali ambapo huwezi kuona mpaka upande.

Sasa huyu wa breki. Usimwonyeshe ile ripoti ya GPS yenye alama nyekundu na asilimia. Hiyo ni karatasi ya mtu wa ofisini, haimwambii dereva kitu. Fungua ramani, utafute breki za ghafla zimetokea wapi na saa ngapi. Nilishafanya hivyo na kijana mmoja aliyekuwa na alama mbaya kuliko wenzake wote. Tulipozitandaza kwenye ramani, karibu zote zilirundikana Barabara ya Mandela, kati ya Buguruni na Ubungo, jioni. Nikamuuliza tu: "Hapa huwa kuna nini?" Akacheka, akaanza kueleza. Daladala inachomoka kituoni bila indiketa, bodaboda zinapita kulia na kushoto, na ukiacha nafasi mbele yako wanaingia watatu. Kwa hiyo haachi nafasi. Anamfuata wa mbele karibu kabisa ili asiingiliwe.

Hapo nilichukua kalamu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Ukimwachia wa mbele mita saba, umejipa nusu sekunde, na mguu wa binadamu kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki kwa kawaida unahitaji zaidi ya hiyo. Hakuna dereva hodari wa kushinda hesabu hiyo, gari liwe na mzigo au tupu. Nikamwachia kalamu. Alikaa kimya, akapiga hesabu mwenyewe ya kilomita 40, kisha akauliza: "Sasa wakiingia watatu?" Nikamwambia waingie, tuone unachelewa dakika ngapi. Tukakubaliana ajaribu wiki moja na aandike muda wa kufika Ubungo kila siku. Alichelewa dakika mbili, siku nyingine tatu. Hakuna aliyemwambia tena kuhusu nafasi. Dakika tatu alizihesabu kwa saa yake mwenyewe.

Lakini kuhusu kuzidisha mwendo, kabla hujamwita, itoe ratiba yenu na uipige hesabu kwanza. Toka Dar mpaka Dodoma ni takriban kilomita 450. Gari la mizigo la uzito huo mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, na kila unapokatiza makazi, Chalinze, Morogoro mjini, Gairo, ni 50. Kuna mizani ya kupima uzito wa magari Vigwaza. Kuna kula, kuna kujisaidia. Kama karatasi yenu inasema gari litoke yadi saa kumi alfajiri na mteja wa Dodoma apokee saa tano asubuhi, mmempa saa saba, yaani wastani wa kilomita 64 kila saa bila kusimama popote. Hilo haliwezekani kwa mtu anayefuata sheria. Dereva huyo mwendo amezidishiwa na ofisi, na ukimkalisha chini kumhoji juu ya mwendo anajua moyoni mwake kwamba unamwonea. Na kama posho yake inahesabiwa kwa tripu, ndiyo kabisa. Umemlipa akimbie, kisha unamuuliza kwa nini anakimbia.

Angalia na saa zake za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 12 kwa siku pamoja na saa za ziada, na mapumziko ya saa 12 mfululizo kabla ya siku nyingine. Dereva aliyerudi toka Dodoma saa nne usiku na kupangiwa mzigo wa Kariakoo saa kumi na moja alfajiri hana tatizo la udereva. Ana usingizi.

Narudi kwa mzee wako, maana huyo ndiye aliyekufanya uandike, na ndiye atakayekuwa mgumu.

Wewe una miaka 31, yeye ni kama baba yako. Watu wa ofisini hufikiri heshima ya umri inaharibu mamlaka, kwa hiyo wanakaza sura. Mimi naona heshima ndiyo inayokupa njia. Mwamkie shikamoo kama unavyomwamkia kila siku, usiiruke kwa sababu leo una faili mkononi. Usimwite kwa kumtuma tingo apaze sauti yadi nzima. Mfuate alipo, umwambie kwa sauti ya chini: "Mzee, kesho kabla ya kupakia nina dakika ishirini na wewe. Nataka unieleze zile safari tatu, hakuna barua leo." Na kama kweli hakuna barua, isiwepo. Ukimdanganya hapo, hatakuamini tena. Usimkamate anaposhuka garini toka safarini, wala siku ya mshahara. Na usikae nyuma ya meza. Mimi nilipenda kuzungumza tukiwa tumesimama kando ya gari lenyewe, mkono wake ukiwa kwenye bodi, kwa sababu dereva akiwa karibu na gari lake anakumbuka vizuri, na anaweza kukuonyesha kwa kidole.

Neno la kuliepuka ni "kwa nini". "Kwa nini umegonga?" Kwa Kiswahili chetu hilo si swali, ni kofi. Uliza "ilikuwaje", "ulikuwa unaona nini", "tingo alikuwa amesimama wapi", "jua lilikuwa limeshazama?" Kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde kumi utakuuma wewe kuliko yeye. Usiuzibe.

Nilikuwa na mzee wa aina hiyo, dereva mzuri ambaye kwa miaka hakuwa na mkwaruzo. Ghafla akagonga bampa, akagonga nguzo ya duka, akagonga kreti za soda. Wenzangu walishasema amezeeka, apewe chake aende. Nilichukua zile taarifa tatu nikaziweka pamoja na nikaona jambo dogo ambalo hakuna aliyeliandika: zote ni za kurudi rivasi, na zote ni baada ya magharibi. Nikamfuata. Hatukuzungumzia ajali zote, nilimwomba anieleze ile ya kreti tu. Akaeleza alivyofika, alivyogeuza, tingo alivyokuwa akipiga bodi. Nikamuuliza kwenye kioo alikuwa anaona nini. Akachelewa kujibu. Akashika kioo cha pembeni, akakifuta kwa kiganja wakati kilikuwa kisafi, kisha akasema: "Mwanangu, usiku taa zinanitawanyikia." Ilikuwa mtoto wa jicho. Alikuwa anajua kwa karibu mwaka mzima kwamba kuna kitu, na alikuwa anakificha kwa sababu ana watoto shuleni na leseni ni chakula. Tulimpangia safari za mchana tu, akaenda hospitali, akafanyiwa upasuaji, akarudi kazini.

Sisemi mzee wako ana mtoto wa jicho. Huenda tingo wake amebadilishwa mwezi Machi na huyu mpya anasimama mahali asipoonekana kwenye kioo. Huenda kioo cha kushoto kimelegea na ameshamwambia fundi mara nne. Huenda ana msiba ambao hajausema. Huwezi kujua kwa kumwambia awe makini, na yeye hawezi kulitumia neno "makini" anaporudi rivasi kwenye giza.

Kuna jibu moja utakalopewa hakika, kwa hiyo jiandae nalo: "Ajali haina kinga." Au "Mungu ndiye ajuaye." Usibishane nalo. Ukibishana unaingia kwenye imani ya mtu, na hapo umeshindwa hata kama una hoja. Lipokee, kisha urudi kwenye safari: "Ni kweli mzee. Sasa kesho ukifika palepale, mzigo uleule, saa ileile, kuna kitu ungefanya tofauti?" Swali hilo nimeliuliza mara nyingi sana, na ni wachache mno waliojibu hapana. Wengi watakwambia jambo moja, dogo, la kweli. "Ningeshuka nikaangalie kwanza." Hilo ndilo ulilokuja kulitafuta, na limetoka kinywani mwake.

Njia hii haikuanzia kwenye malori. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, William R. Miller, aliandika kuhusu namna ya kuzungumza na watu waliozidiwa na pombe. Aliona kwamba ukimsukuma mtu abadilike anajitetea, na kila anavyojitetea ndivyo anavyojithibitishia kubaki alivyo. Ukimpa nafasi aseme yeye mwenyewe sababu za kubadilika, anazisikia kwa sauti yake. Ulipoongea nusu saa, mzee wako alikuwa kimya nje, lakini ndani alikuwa anakujibu kila sentensi.

Akishasema hilo jambo dogo, liandike. Moja tu, hata kama wewe una orodha ya saba. Usiandike "ataboresha uendeshaji wake", hilo halipimiki. Andika hivi: "Kila akirudi rivasi, tingo ashuke, asimame upande wa dereva anapoonekana kwenye kioo. Asipomwona, gari lisimame." Chini yake andika na la kwako, kwa sababu mara nyingi utakuta ofisi ina sehemu yake: "Taa ya getini itawekwa kabla ya Ijumaa." Nusu karatasi, kwa mkono, tarehe, saini zenu wawili, kila mmoja na nakala yake. Ijumaa taa isipokuwepo, karatasi hiyo haina tena thamani na aliyeiharibu ni wewe. Nalisema hili kwa uchungu, maana nimeona wasimamizi wengi wakidai madereva watimize ahadi huku zao zikiwa zimesahaulika droo moja na kalamu.

Kisha panda naye gari. Ndani ya wiki mbili, siku ya kazi ya kawaida, kaa kiti cha tingo kuanzia yadi mpaka mteja wa mwisho. Usitoe simu na usimwelekeze barabarani. Siku ya kwanza ataendesha kama yuko kwenye mtihani wa leseni, baada ya saa mbili kwenye foleni atarudi kuwa yeye. Ukiona amefanya jambo vizuri, mtajie jambo lenyewe: "Pale Tazara ulimwachia yule wa bajaji apite, umefanya la maana." Madereva wanatajiwa makosa kila siku na trafiki, wateja na ofisi. Likitajwa zuri lenye mahali na saa, hukaa nao muda mrefu. Baada ya wiki nne kaeni tena dakika kumi na ile nusu karatasi.

Bosi wako amesema wabadilike au waondoke, kwa hiyo lazima nikwambie na upande wa sheria, kwa ufupi. Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007 zinatofautisha utovu wa nidhamu na utendaji usioridhisha. Kwa utendaji, mwajiri anatakiwa achunguze sababu, atoe maelekezo au mafunzo panapohitajika, na ampe mfanyakazi muda wa kutosha wa kujirekebisha kabla ya kufikiria kumwachisha. Akiachishwa bila hayo, ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kampuni itaulizwa ilifanya nini kumsaidia. Zile nusu karatasi zako ndizo jibu. Ila usigeuze mazungumzo haya kuwa kikao cha nidhamu katikati ya njia. Ukifika mahali pa onyo rasmi, simamisha, mwambie waziwazi, umpe tarehe nyingine na nafasi ya kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama. Na kuna hali moja isiyosubiri mazungumzo: dereva ananuka pombe, au anasinzia amesimama. Huyo chukua funguo saa hiyohiyo, mengine yatafuata akishalala.

Jambo moja zaidi, kwa sababu una madereva zaidi ya hawa watatu. Watafiti wa Uswidi walilinganisha njia nne katika kampuni ya simu iliyoitwa Televerket: mafunzo ya udereva, mazungumzo ya vikundi, kampeni na zawadi. Matokeo yalichapishwa 1996, na mazungumzo ya vikundi ndiyo yaliyopunguza hatari ya ajali kuliko njia nyingine zote. Madereva walikaa wakajadili matatizo yao wenyewe ya barabarani, na kila mmoja akaamua atakachobadilisha. Hapo yadini unaweza kuanza na chai ya Jumamosi asubuhi na swali moja: wiki hii ni wapi nusura ugonge? Mwanzo watanyamaza. Anza na mzee mwenye heshima kuliko wote, umwombe kabla ya siku hiyo, kwa sababu wa kwanza akisema, vijana watafuata.

Kwa mzee wako, usiendelee pale ulipoishia, anza upya. Lakini kwanza jioni moja, saa moja kasoro, panda wewe Fuso ileile, mwombe dereva mwingine airudishe rivasi taratibu mpaka getini huku ukitazama kioo cha kushoto. Angalia unachokiona na usichokiona. Kisha kesho yake mfuate, mwamkie, umwambie: "Mzee, siku ile nilikuita halafu nikaongea mimi tu. Jana nimekaa kwenye gari lako pale getini, nimeangalia kioo. Nieleze wewe, siku ile ilikuwaje?"